Jaji Benedicto Kiwanuka wa Uganda

Mtu akitoka Temeke au Kinondoni kwenda Kivukoni, mjini Dar es Salaam, ataiona Mahakama Kuu karibu na bahari. Lakini mahakama ambazo watoto wa pande zetu huzijua zaidi ni zile ndogo zilizo karibu na nyumbani, mahali watu waendapo kwa ajili ya deni lisilolipwa, mirathi iliyoleta ugomvi, au mpaka wa kiwanja uliosogezwa usiku. Mashauri hayo ni madogo, lakini kazi ya hakimu ni ile ile huku na huko. Husikiliza pande mbili, hutazama sheria, kisha huamua. Aliyeshindwa huenda akakasirika, lakini hutii, kwa sababu nyuma ya hakimu yuko polisi, na nyuma ya polisi iko serikali.

Sasa fikirini, wasomaji. Itakuwaje siku ile ambayo mshtakiwa ni serikali yenyewe, au askari wake? Hakimu hana bunduki. Ana kalamu, karatasi na muhuri, basi. Habari tutakayoisimulia hapa ni ya mtu aliyefikwa na siku hiyo. Jina lake Benedicto Kiwanuka wa Uganda. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi yake, na baadaye akawa Jaji Mkuu wa kwanza aliyekuwa mwenyeji wa nchi hiyo.

Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei mwaka wa 1922, katika kijiji cha Kisabwa, nchi ya Buddu, upande wa Masaka. Mahali hapo si mbali sana na mpaka wetu. Msafiri akitoka Bukoba, akavuka mto Kagera na kupita Mutukula, ataingia katika nchi yenye migomba mingi kama ya Wahaya, na lugha yake pia ina undugu na Kihaya. Hiyo ndiyo Buddu. Ni sehemu ya Buganda, ufalme mkubwa uliotawaliwa na Kabaka, na Buganda nayo ni sehemu ya Uganda. Yafaa msomaji asichanganye majina haya mawili, kwa kuwa tofauti ya Buganda na Uganda ndiyo iliyomletea Kiwanuka taabu nyingi maishani mwake.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Mwishoni mwa karne ya 19 Wakristo wa Buganda walipigana wao kwa wao, Wakatoliki upande mmoja na Waprotestanti upande wa pili. Vita vilipokwisha mwaka wa 1892, Wakatoliki wakapewa Buddu, nao wakajenga huko makanisa na shule nyingi. Lakini vyeo vikubwa vya ufalme, hasa kile cha Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, vilibaki mikononi mwa Waprotestanti kwa miaka mingi. Benedicto alizaliwa katika jamaa ya Wakatoliki wa Buddu, wala jamaa yake haikuwa ya watu wakubwa wa ufalme. Alikuwa mtoto wa watu wa kawaida.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikiendelea, vijana wengi wa Afrika ya Mashariki waliandikishwa katika jeshi la Keya. Kiwanuka naye aliingia jeshini mwaka wa 1942, akiwa na umri wa miaka ishirini. Alitumika miaka minne, akafika Misri na Palestina, akapanda hata cheo cha sajini meja. Vita vilipokwisha alirudi nyumbani, na mwaka wa 1947 akamwoa Maxencia Zalwango. Akapata kazi katika Mahakama Kuu ya Uganda, kazi ya ukarani na ukalimani.

Kazi ya mkalimani wa mahakama si ya kudharauliwa. Mshtakiwa husema kwa lugha ya kwao, jaji husikiliza kwa Kiingereza, na mkalimani husimama katikati akiyabeba maneno ya huyu kwenda kwa yule. Akikosea neno moja, mtu aweza kufungwa bure. Zaidi ya hayo, mkalimani huyasikia yote. Husikia jinsi wakili anavyouliza, jinsi shahidi anavyoongopa, jinsi jaji anavyopima. Katika siku zile majaji wote wa Uganda walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Kiwanuka alisimama chini ya viti vyao akiyageuza maneno yao, na katika mahakama hiyo hiyo, miaka ishirini na zaidi baadaye, alikuja kuketi katika kiti kilichokuwa juu ya vyote.

Lakini safari ya kufika huko ilikuwa ndefu. Mwaka wa 1950 aliacha kazi akaenda kusoma katika chuo cha Pius XII, mahali paitwapo Roma, katika nchi ya Lesotho iliyokuwa ikiitwa Basutoland. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, tena ana mke. Watu wengi wa umri wake walikuwa wamekwisha kufunga vitabu. Baada ya miaka miwili akavuka bahari kwenda London, akasoma sheria katika University College, na mwezi wa Februari 1956 akakubaliwa kuwa wakili katika chama cha mawakili cha Gray's Inn. Akarudi Uganda mwaka huo huo akafungua kazi ya uwakili.

Aliikuta nchi imechangamka. Huko Tanganyika chama cha TANU kilikuwa kimeanzishwa tangu 1954, na Uganda nako vyama vilikuwa vikizaliwa. Kimoja kiliitwa Democratic Party, nacho kwa kifupi ni DP. Wengi wa wafuasi wake wa kwanza walikuwa Wakatoliki waliochoka kunyimwa vyeo. Mwaka wa 1955 Mkatoliki mmoja mashuhuri, Matayo Mugwanya, alikuwa ameshindwa kuwa Katikiro kwa kura chache sana, na jambo hilo liliwauma. Chama kikachagua maneno mawili kuwa wito wake, ukweli na haki. Mwaka wa 1958 Kiwanuka akachaguliwa kuwa rais wa chama.

Alikifanyia kazi chama kwa bidii kubwa, akakitoa katika Buganda na kukipeleka pande zote za nchi. Alitaka Uganda iwe nchi moja yenye bunge moja, na kila mwananchi apige kura yake mwenyewe. Jambo hilo leo laonekana dogo, lakini katika Buganda ya siku zile lilikuwa kubwa mno. Wakuu wa Mengo, makao ya Kabaka, waliogopa kwamba katika bunge hilo ufalme wao wa kale ungemezwa na makabila mengine. Tena liliwachukiza kuona Mganda asiye wa ukoo mkubwa akitaka madaraka ambayo yangekuwa juu ya Kabaka mwenyewe. Kiwanuka hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisema aliloliona kuwa kweli, akalisema kwa ukali, na adui zake wakazidi. Hata baadhi ya rafiki zake waliona kwamba ukali wake ulimfungia milango ambayo maneno ya upole yangeifungua.

Uchaguzi ukafanyika mwezi wa Machi 1961. Serikali ya Mengo ikawakataza watu wa Buganda kujiandikisha na kupiga kura, na wengi mno wakatii, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuogopa majirani. Watu wachache tu wa Buganda ndio waliothubutu kupiga kura, na karibu wote walikuwa wa DP. Basi DP ikachukua viti 20 kati ya viti 21 vya Buganda kwa kura chache sana. Katika nchi nzima chama cha UPC, kilichoongozwa na Milton Obote, kilipata kura nyingi zaidi, lakini DP ikapata viti vingi zaidi. Kwa kuwa bunge huhesabu viti, Kiwanuka akashinda.

Lazima tuseme wazi kwamba ushindi huo ulikuwa halali lakini ulikuwa dhaifu. Ni kama nyumba iliyojengwa vizuri juu ya mchanga. Kiwanuka alijua kwamba watu wake mwenyewe wa Buganda hawakumchagua. Hata hivyo sheria ilimpa nafasi, naye akaishika. Mwezi wa Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopewa madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Huku kwetu Tanganyika ilikuwa imekwisha kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Uganda ilikuwa mlangoni, na watu walidhani Kiwanuka ndiye atakayeifungulia.

Haikuwa hivyo. Katika mkutano wa London wa mwaka wa 1961, uliofanywa ili kutengeneza katiba, Buganda ilipewa ruhusa ya peke yake. Badala ya wananchi kupiga kura kuwachagua wabunge wao, baraza la Kabaka liitwalo Lukiiko lingeweza kuwachagua wabunge wote wa Buganda na kuwapeleka katika bunge la taifa. Kiwanuka alipinga mpango huo kwa nguvu zake zote, kwa kuwa aliona wazi utakapomfikisha. Lakini Obote alikuwa amepatana na Mengo, na wafuasi wa Kabaka walikuwa wameanzisha chama chao, Kabaka Yekka, maana yake Kabaka peke yake. Katika uchaguzi wa Lukiiko wa mwezi wa Februari 1962, Kabaka Yekka ikachukua viti 65 kati ya 68. Ikafuata mwezi wa Aprili uchaguzi wa nchi nzima. DP ikapata viti 24, UPC na Kabaka Yekka wakaunganisha vyao, na Obote akawa Waziri Mkuu.

Tena si kwamba Kiwanuka alipoteza serikali tu. Kwa kuwa yeye ni mtu wa Buganda, na wabunge wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko, hakupata hata kiti kimoja cha kukalia bungeni. Waziri Mkuu wa miezi miwili akawa mtu asiye na nafasi ya kusema katika bunge la nchi yake. Tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya Uganda ilipopandishwa, aliyeipokea nchi alikuwa mwingine.

Wako watu ambao wakipatwa na jambo kama hilo huchukua silaha, au huondoka nchini wakaenda kunung'unika ugenini. Kiwanuka alirudi katika kazi yake ya uwakili na kuendelea kukiongoza chama chake akiwa nje ya bunge. Ilikuwa kazi ngumu. Wabunge wa DP walianza kuvutwa mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, ambako vyeo vilikuwako. Mwishoni mwa mwaka wa 1964 hata Basil Bataringaya, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni, alihama akaingia UPC, na wengine wakamfuata.

Mapatano ya Obote na Mengo nayo hayakudumu. Mwaka wa 1966 Obote aliivunja katiba, na mwezi wa Mei mwaka huo majeshi yake yakaushambulia mji wa Kabaka huko Mengo. Aliyeongoza mashambulizi hayo alikuwa Idi Amin. Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza, na huko akafa mwaka wa 1969. Mwaka wa 1967 falme zote za Uganda zikafutwa. Wale waliokuwa wamemwona Kiwanuka kuwa adui wa Kabaka wakaona sasa ni nani aliyekuwa adui kweli, lakini wakati ulikuwa umepita.

Mwezi wa Desemba 1969 Obote alipigwa risasi mjini Kampala, asife. Vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, na watu wengi wakakamatwa. Katika mwaka huo Kiwanuka naye alitiwa kizuizini. Kizuizi si sawa na kifungo. Mfungwa amehukumiwa, naye anajua siku atakayotoka. Mtu wa kizuizini hajahukumiwa na mtu yeyote, wala hajui kama atakaa mwezi au miaka kumi. Wakili huyo aliyezoea kuwasimamia wengine mbele ya majaji alikaa ndani muda wa zaidi ya mwaka, pasipo jaji wa kumsikiliza.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa safarini nje ya nchi, Idi Amin akaipindua serikali. Obote akapokewa Tanzania, akaishi Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akakataa kumtambua Amin. Lakini katika Kampala watu wengi walishangilia barabarani, hasa watu wa Buganda. Siku chache baadaye Amin akawafungulia watu wa kizuizini, na Kiwanuka akawa mmoja wao. Katikati ya mwaka huo, mwezi wa Juni, Amin akamweka kuwa Jaji Mkuu wa Uganda.

Hapa wengi wameuliza kwa nini alikubali. Amin hakuchaguliwa na mtu. Aliingia kwa bunduki, na tangu siku za kwanza askari wa makabila ya Waacholi na Walango walikuwa wakiuawa kambini. Mwezi wa Machi 1971 ilitoka amri ya kuwapa askari uwezo wa kuwakamata watu. Mwenye macho aliweza kuona dalili. Twaweza kujibu kwamba Kiwanuka alikuwa ametoka kizuizini kwa mkono wa Amin, na mtu humshukuru amfunguliaye. Pia cheo chenyewe kilikuwa cha sheria, si cha siasa, na sheria ndiyo iliyokuwa kazi yake. Huenda alidhani kwamba nchi yenye askari wengi inahitaji jaji mwenye moyo kuliko nchi yenye amani. Lakini hayo ni mawazo yetu sisi tunaosimulia. Matendo yake ndiyo yatupayo hakika.

Mwaka wa 1972 mambo yakaharibika upesi. Mwezi wa Agosti Amin alitangaza kwamba Wahindi na watu wengine wa asili ya Asia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Maduka yakafungwa, familia zilizokaa nchini kwa vizazi vingi zikapanga mizigo, na askari wakajiona kuwa wakubwa wa kila barabara. Watu walikamatwa bila hati na bila sababu kuelezwa. Tarehe 17 Septemba, wafuasi wa Obote wakavuka mpaka kutoka Tanzania kwa silaha, wakaelekea Masaka na Mbarara. Wakashindwa katika siku chache. Kushindwa kwao kukampa Amin sababu ya kuwasaka wote aliowashuku.

Katika mwezi huo huo lilikuja mbele ya Jaji Mkuu shauri la Mwingereza mmoja, mfanyabiashara, aliyekamatwa na askari na kuwekwa ndani pasipo mashtaka. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ambayo ni ya kale sana katika sheria ya Kiingereza, nayo iliwekwa katika kitabu cha sheria za Uingereza tangu mwaka wa 1679. Maana yake ni nyepesi. Jaji humwambia yule aliyemfunga mtu amlete mahakamani, aonyeshe mwili wake, kisha aeleze amemfunga kwa sheria gani. Akishindwa kuonyesha sheria, mfungwa huachiliwa pale pale. Amri hiyo haiulizi kama mfungwa ni mtu mwema au mbaya, mwenyeji au mgeni, maskini au tajiri. Huuliza jambo moja tu, mlango huu umefungwa kwa sheria gani?

Yafaa tulitazame shauri hili kwa uangalifu, maana ndilo kiini cha habari yote. Mtu mwenyewe hakuwa ndugu wa Kiwanuka, wala mwanachama wake, wala mtu wa nchi yake. Alikuwa mgeni, tena wa taifa lililokuwa limeitawala Uganda. Katika siku zile za chuki juu ya wageni, ingekuwa rahisi sana kumwacha akae ndani. Jaji angeweza kusema karatasi hazijakamilika, au kuahirisha shauri mpaka mwezi ujao, au kuugua. Majaji wana njia nyingi za kuchelewa, na hakuna ambaye angemlaumu waziwazi.

Kiwanuka hakuchelewa. Alisikiliza, akaona kwamba mtu huyo amezuiwa kinyume cha sheria, akaamuru aachiliwe. Tena akaeleza katika uamuzi wake kwamba wanajeshi hawakuwa na uwezo wa kumkamata na kumzuia raia kwa namna ile. Mwingereza yule akaachiliwa. Kalamu ilikuwa imeishinda bunduki, kwa siku chache.

Amin alikasirika sana. Inawezekana kwamba alikuwa na sababu nyingine pia za kumchukia Jaji Mkuu, kwa maana mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, tena mwenye chama nyuma yake, hawezi kusahauliwa na mtawala mwenye hofu. Lakini uamuzi ule ulikuwa umewaaibisha askari mbele ya watu wote.

Siku ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba 1972, asubuhi, Kiwanuka alifika kazini katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, kama kawaida yake. Akaingia chumbani kwake. Punde wakafika watu wenye silaha, wamevaa nguo za kiraia, wakaingia ndani, wakamshika, wakamtoa nje mbele ya makarani na watu waliokuja kwa mashauri yao, wakamtia katika gari aina ya Peugeot na kuondoka naye. Hapakuwa na hati ya kumkamata. Hapakuwa na mashtaka. Jaji aliyeuliza siku chache kabla kwamba raia hukamatwa kwa sheria gani, alichukuliwa pasipo sheria yoyote, kutoka ndani ya nyumba ya sheria yenyewe.

Hakuonekana tena. Serikali ikasema si yenyewe iliyomchukua, bali ni adui wa serikali waliofanya hivyo, na watu wachache sana wakaamini. Habari nyingi zilizotokea baadaye zasema kwamba alipelekwa katika gereza la jeshi la Makindye, akauawa huko muda mfupi baada ya kukamatwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Siku zile zile Basil Bataringaya naye aliuawa, yule aliyehamia upande wa serikali miaka minane nyuma. Kuhama hakukumponya.

Habari zilipoenea, hofu ikaingia mahakamani na katika nyumba za mawakili. Ikiwa Jaji Mkuu aweza kuchukuliwa mchana kutoka chumbani kwake, karani atajificha wapi? Samuel Wako Wambuzi akachukua nafasi ya Jaji Mkuu, na mahakama zikaendelea kufunguliwa kila asubuhi. Mashauri ya wizi na ya mashamba yalisikilizwa. Lakini mtu aliyechukuliwa na askari usiku, jamaa zake walijua kwamba kwenda kwa wakili ni kumwongezea wakili huyo hatari. Amin alitawala miaka mingine sita na nusu, na watu waliopotea katika miaka hiyo ni maelfu mengi.

Wazee wetu wengi wa Temeke, Kinondoni na pande nyingine za Tanzania waijua sehemu ya mwisho ya habari hii kwa miguu yao. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora. Jeshi la Wananchi wa Tanzania likayafukuza, kisha likavuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa ugenini, likapita Mutukula na kuuteka mji wa Masaka mwezi wa Februari 1979. Basi askari wetu walipita katika nchi ya Buddu, alikozaliwa Kiwanuka, ingawa wengi wao huenda hawakuwahi kulisikia jina lake. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa, na Amin akakimbia.

Milango ya magereza ikafunguliwa. Jamaa za waliopotea wakaenda kuwatafuta watu wao, wengine wakawakuta hai, wengi wakakuta majina tu, na wengine hata jina hawakulikuta. Maiti ya Benedicto Kiwanuka haikupatikana. Mjane wake, Maxencia, hakuwa na kaburi la mumewe la kupandia ua. Chama cha DP kikaamka tena mwaka wa 1980 chini ya Paul Ssemogerere, ambaye katika ujana wake alikuwa msaidizi wa Kiwanuka bungeni.

Kuanzia mwaka wa 2018 mahakama za Uganda zimeweka mhadhara wa kumkumbuka kila mwaka, katika mwezi wa Septemba. Majaji, mawakili na jamaa zake hukusanyika Kampala, katika Mahakama Kuu ile ile aliyochukuliwa, ambamo kwanza alikuwa mkalimani.